Alcuin wa York, Mwalimu wa Mafumbo ya Hesabu

Katika kurasa za namna hii watu hupenda kusimulia habari za wafalme, wasafiri na majemadari. Mimi leo napenda kuwasimulia maisha ya mwalimu. Hakuteka nchi wala hakugundua ziwa. Kazi yake ilikuwa kufundisha, na tangu afe imepita miaka zaidi ya 1200. Lakini kama uliwahi kuulizwa habari za mtu aliyetaka kuvuka mto pamoja na chui, mbuzi na mzigo wa majani, basi umekwisha kuonja chakula cha jikoni mwake. Jina lake ni Alcuin, mtu wa mji wa York katika Uingereza.

Ninayo sababu ya kumchagua huyu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila mwaka hupokea vijana wapya ambao kabla hawajafungua daftari huniambia kwamba hesabu si yao, kana kwamba hesabu ni shamba la ukoo fulani na wao si watu wa ukoo ule. Si wajinga. Ukiwasikiliza jioni wakicheza mweso chini ya mti, utawaona wakihesabu kete kwa macho, tena upesi kuliko mimi. Lakini wakiingia darasani akili ile huiacha mlangoni. Basi nikataka kujua kama wako walimu wa zamani walioona shida hii, na walifanya nini. Ndipo nilipomkuta Alcuin.

Alizaliwa karibu na mwaka 735, katika ufalme wa Northumbria, upande wa kaskazini wa Uingereza. Zamani hizo Uingereza haikuwa nchi moja. Ilikuwa falme mbalimbali zilizopigana mara kwa mara. Mwaka ule ule wa 735 alikufa Bede, mtawa aliyekuwa na elimu kubwa kuliko watu wote wa nchi ile. Bede alikuwa ameandika kitabu juu ya kuhesabu nyakati, na ndani yake alieleza jinsi ya kuonyesha hesabu kwa vidole vya mikono miwili, kuanzia 1 mpaka 9,999. Msione hayo kuwa mchezo wa watoto. Watu wa Ulaya wakati ule walitumia tarakimu za Kirumi, ambazo hazina sifuri. Jaribu kuzidisha XLVII kwa XXVIII bila kubadili tarakimu, utaona kwa nini vidole vilikuwa rafiki mwema.

Alcuin alipokuwa mtoto alipelekwa katika shule ya kanisa kuu la York. Askofu mkuu wa hapo aliitwa Egbert, na mwalimu wa shule aliitwa Ælbert. Huyu Ælbert alikuwa na tabia ambayo mwalimu yeyote angependa kuwa nayo: alisafiri ng'ambo kutafuta vitabu, na mara nyingine alimchukua kijana Alcuin pamoja naye. Hivyo maktaba ya York ikawa mojawapo ya maktaba bora za Ulaya ya magharibi. Kumbukeni kwamba kila kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi za wanyama, na kitabu kikubwa kimoja kilimaliza ngozi za kundi zima. Ælbert alipofanywa askofu mkuu mwaka 767, Alcuin alikuwa miongoni mwa waliobaki kuendeleza mafundisho, na baadaye alikabidhiwa shule yote na maktaba yake.

Huenda mkauliza hesabu ilikuwa na kazi gani katika shule ya kanisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta siku ya Pasaka. Sikukuu hiyo hufuata mwezi na jua pamoja, na mwaka wa mwezi haulingani na mwaka wa jua, kwa hiyo padre asiyejua hesabu aliweza kuwaongoza watu wake kufunga na kufungua katika siku zisizo zao. Basi hesabu ilikuwa wajibu, na kama ilivyo kawaida ya mambo ya wajibu, wengi waliisoma kwa kukariri tu.

Mwaka 781 Alcuin alitumwa Roma kwa Papa ili kumletea askofu mkuu mpya wa York vazi la cheo chake. Alipokuwa njiani kurudi, katika mji wa Parma nchini Italia, alikutana na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. Mfalme huyu alitawala sehemu kubwa ya nchi ambazo leo ni Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi, pamoja na kaskazini ya Italia. Alikuwa hodari wa vita, lakini alijua kwamba ufalme hauwezi kusimama kwa upanga peke yake. Makarani wake waliandika vibaya, mapadre wake wengi hawakuelewa maneno waliyoyasoma, na sheria zake zilipofika mbali hakuna aliyezifahamu. Akamwomba Alcuin aje kufundisha katika nyumba yake. Mwaka 782 Alcuin akaenda, umri wake ukikaribia miaka 50, wakati ambao watu wengi hufikiri kupumzika.

Fikirini darasa alilolikuta. Mwanafunzi mmoja ni mfalme mwenyewe, mtu mzima mwenye mwili mkubwa. Wengine ni watoto wa mfalme, na wengine ni wakubwa wa baraza. Einhard, aliyeandika maisha ya Charlemagne, aeleza kwamba mfalme alijifunza kwa Alcuin elimu ya kusema na ya kuhojiana, na hasa elimu ya nyota na kuhesabu nyakati. Aeleza pia kwamba mfalme aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wa kitanda chake, ili usiku akipata nafasi auzoeze mkono wake kuandika herufi, lakini kwa kuwa alianza akiwa mtu mzima, mkono haukutii sana. Basi mwalimu huyu afanye nini? Mfalme hapigwi fimbo. Hawezi kuambiwa asimame pembeni mpaka akariri. Mwanafunzi wa namna hiyo hufundishika kwa njia moja tu, nayo ni kumfanya atake mwenyewe kujua.

Alcuin alianza kwa kuondoa ukali darasani. Aliwapa rafiki zake majina ya utani. Mfalme aliitwa Daudi, kwa jina la yule mfalme wa Biblia, na Alcuin mwenyewe alijiita Flaccus, kwa jina la mshairi wa Kirumi. Kisha akaleta vitendawili. Liko andiko lake moja lenye mazungumzo baina ya mwalimu na Pepin, mtoto wa mfalme. Kwanza mtoto auliza maswali mafupi mafupi, na mwalimu amjibu kwa mafumbo. Halafu mambo yageuka: mwalimu atega, na mtoto ategua. Sisi tuliolelewa na bibi zetu kando ya moto hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Mwenye kutega na mwenye kutegua wote wawili huwa macho, na hakuna anayesinzia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kimetufikia kitabu kidogo cha Kilatini chenye mafumbo ya hesabu zaidi ya 50, na jina lake lasema kwamba mafumbo hayo ni ya kunoa akili za vijana. Nakala za kale hazikuandikwa jina la mtungaji, lakini wataalamu wengi humhesabu Alcuin kuwa ndiye. Sababu mojawapo ni barua aliyompelekea Charlemagne karibu na mwaka 800, ambamo asema amemtumia mifano ya hesabu ili imfurahishe. Katika mikusanyo ya mafumbo ya hesabu iliyoandikwa kwa Kilatini, hiki ndicho cha kale kuliko vyote tulivyo navyo.

Tazameni fumbo la kwanza. Mbayuwayu alimwalika konokono chakula cha mchana. Nyumba ya mbayuwayu ilikuwa mbali hatua 1500, kila hatua ikihesabiwa futi 5, na konokono alikwenda inchi 1 kwa siku. Je, atafika baada ya siku ngapi? Kijana acheka kwanza, kisha aanza kuhesabu bila kuambiwa. Hatua 1500 ni futi 7,500. Futi 7,500 ni inchi 90,000. Basi ni siku 90,000, yaani miaka 246 na siku 210. Maskini konokono! Chakula kimepoa, na mwenye kukialika amekwisha kufa. Lakini angalieni, mwanafunzi amezidisha mara mbili na kugawanya kwa 365, hesabu ambayo angeiona kuwa adhabu kama ingeandikwa ubaoni bila konokono.

Fumbo jingine ni la ngazi yenye vipandio 100. Juu ya kipandio cha kwanza ametua njiwa 1, juu ya cha pili wametua 2, juu ya cha tatu 3, na hivyo hivyo mpaka cha mia. Jumla ni njiwa wangapi? Mvivu wa kufikiri atajumlisha moja moja mpaka jua litue. Kitabu chaonyesha njia nyingine: mchukue njiwa wa kipandio cha kwanza umweke pamoja na wale wa kipandio cha 99, wawe 100. Wa cha pili waweke pamoja na wa cha 98, wawe 100 tena. Ukiendelea hivyo utapata mafungu 49 ya njiwa mia mia, na watabaki wale 50 wa katikati na wale 100 wa juu kabisa. Jumla ni 5,050. Husimuliwa kwamba Gauss, yule bingwa wa hesabu wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1777, alifanya hesabu ya namna hii upesi sana alipokuwa mtoto shuleni. Njia hiyo ilikwisha andikwa karibu miaka 1000 kabla hajazaliwa.

Mengine ni mitego mitupu. Maksai amelima na plau kutwa nzima. Je, ameacha nyayo ngapi katika mstari wa mwisho? Wanafunzi huanza kukadiria urefu wa shamba na hatua za maksai. Jibu ni kwamba hakuacha hata wayo mmoja, kwa maana maksai hutangulia na plau hufuata nyuma ikifuta kila alama. Fumbo hili lafundisha kitu ambacho mitihani mingi hukisahau: soma swali kwanza, ndipo ukamate kalamu.

Tena liko fumbo la mtu mwenye nguruwe 300, aliyeamuru wachinjwe wote kwa siku tatu, na kila siku idadi iwe witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Darasani mimi huwageuza nguruwe kuwa mbuzi, ili kila kijana awe radhi na mfano. Siku moja niliwapa vijana wa mwaka wa pili fumbo hili, nikanyamaza. Wakajaribu 99 na 101, ikabaki 100, haifai. Wakajaribu 97 na 105, ikabaki 98, haifai. Kelele zikazidi. Nyuma kabisa alikaa kijana mmoja ambaye katika muhula mzima hakuwahi kuinua mkono. Katika shule aliyotoka, mwanafunzi aliyekosa hesabu alichapwa fimbo moja kwa kila kosa, na yeye alikuwa amejifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza. Siku ile aliinua mkono. Alisema kwamba hatukushindwa kwa uvivu, bali jambo lenyewe haliwezekani. Nikamwuliza sababu. Akasema witiri na witiri hufanya shufwa, na shufwa ukiiongeza witiri nyingine hurudi kuwa witiri, na 300 ni shufwa.

Darasa lilikuwa kimya. Nikampa chaki aje aandike. Hapo nilipata nafasi ya kuonyesha kwamba kila witiri yaweza kuandikwa 2a + 1, na kwamba ukijumlisha tatu za namna hiyo, daima itabaki 1 pembeni. Nilikuwa nimejaribu kwa majuma mawili kuwafanya wapende herufi katika hesabu, na sasa walizipokea kama mtu apokeavyo kiberiti gizani. Kijana yule hakugeuka bingwa kwa siku moja, lakini tangu siku ile sauti yake ilisikika darasani. Yule mtungaji wa kale alijua alilolifanya, kwani kitabu chenyewe chakiri kwamba fumbo hili halina jibu, na kwamba limetungwa kwa ajili ya kuwakemea watoto. Naona ni kemeo jema kuliko fimbo.

Sasa tuje mtoni. Katika kitabu kile mtu ana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na mtumbwi wake huchukua yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha mbwa mwitu na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na kabichi, kabichi italiwa. Siri ya fumbo ni kukubali kurudi nyuma: mbuzi avushwa kwanza, kisha mtu arudi achukue wa pili, na anaporudi tena amrudisha mbuzi. Kwa safari 7 wote wamevuka salama. Watu wengi hukwama kwa sababu hudhani kwamba kilichokwisha vushwa hakirudishwi.

Fumbo hili si la Wazungu peke yao. Unguja lasimuliwa kwa chui, mbuzi na majani. Kwa Waila wa Zambia, kama ilivyoandikwa katika kitabu kilichotoka mwaka 1920, mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka. Ukipiga hesabu utaona kwamba kwa vitu vinne vya namna hiyo hakuna njia. Basi mtu yule wa Waila afikiri amwache panya, kisha afikiri amwache chui, lakini wanyama hao ni kama watoto wake. Mwisho aamua asivuke, abaki pale alipo. Mimi humpenda sana mtu huyu. Alipima kila njia, akaona kila moja ina gharama asiyotaka kuilipa, akatoa uamuzi. Hiyo pia ni akili. Wala asiwepo mtu wa kutuambia kwamba hesabu za kufikiri zililetwa kwetu ndani ya sanduku. Wazee wetu walitega mafumbo haya mitoni mwao.

Turudi kwa Alcuin. Mwaka 789 Charlemagne alitoa amri kubwa, ambayo wataalamu wengi waona mkono wa Alcuin ndani yake, kwamba katika kila monasteri na kila makao ya askofu ziwepo shule za wavulana, wafundishwe kusoma, kuimba, sarufi na kuhesabu. Baadaye kidogo Alcuin alirudi kwao Uingereza akakaa mpaka mwaka 793. Mwaka ule ule maharamia waliotoka kaskazini kwa merikebu, wale waitwao Waviking, waliishambulia monasteri ya Lindisfarne na kuua watawa. Alcuin aliandika barua za majonzi juu ya msiba huo. Alikuwa amekwisha ona jinsi kazi ya vizazi vingi iwezavyo kuteketea kwa siku moja, na labda ndiyo sababu aliharakisha kuwaandaa wanafunzi, kwani kitabu huungua, lakini mwanafunzi huchukua elimu na kukimbia nayo.

Mwaka 796 mfalme alimfanya mkuu wa monasteri ya Mtakatifu Martin katika mji wa Tours, Ufaransa. Mwaka huo huo majeshi ya mfalme yalikuwa yamewashinda Waavari wa upande wa mashariki, na wengine walitaka watu wale wabatizwe mara moja na kutozwa zaka. Alcuin aliandika kupinga jambo hilo. Alieleza kwamba watu wafundishwe kwanza, kwa maana imani ni kazi ya hiari, na mtu hashurutishwi kuamini. Kumwambia hivyo mfalme mwenye upanga kulitaka moyo. Mimi naona kwamba barua hizo na mafumbo ya konokono vimetoka katika kisima kimoja. Mtu aliyeamini kwamba moyo haulazimishwi ndiye huyo huyo aliyetafuta njia ya kuivuta akili.

Huko Tours waandishi wa monasteri walinakili vitabu kwa wingi, wakitumia mwandiko mpya wa herufi ndogo za mviringo, zilizotengana na kusomeka vizuri. Mwandiko huo ulianza kabla yake na mahali pengine, lakini Tours iliueneza sana. Miaka mingi baadaye wapiga chapa wa Italia waliufuata, na herufi ndogo unazozisoma sasa katika ukurasa huu ni wajukuu wa herufi zile. Miongoni mwa wanafunzi wake wa Tours alikuwamo Hrabanus Maurus, ambaye alikwenda kufundisha Fulda katika Ujerumani mpaka Wajerumani wakamwita mwalimu wa nchi yao. Alcuin alikufa Tours tarehe 19 Mei mwaka 804. Mpaka mwisho alijiita shemasi tu.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu katika kitabu cha mafumbo ni dhahabu. Kuna shamba la pembe tatu ambalo pande zake mbili zina fito 30 kila mmoja, na upande wa tatu fito 18. Kitabu chachukua nusu ya 18, yaani 9, na kuizidisha kwa 30, chapata eneo la 270. Lakini ninyi mliosoma kanuni ya Pythagoras mwajua kwamba kimo cha shamba hilo si 30, bali ni kipeuo cha pili cha 819, yaani kama 28.6, na eneo la kweli ni karibu 257.6. Aliyenunua shamba hilo kwa hesabu ya kitabu amepunjwa. Zaidi ya hayo, kuna fumbo la bwana anayegawa pishi 100 za nafaka kwa watu 100, kila mwanamume pishi 3, kila mwanamke pishi 2, na kila mtoto nusu pishi. Kitabu chajibu wanaume 11, wanawake 15 na watoto 74, na hapo chaishia. Hakisemi kwamba wanaume 14, wanawake 10 na watoto 76 pia ni sawa, na kwamba yako majibu mengine.

Kwa hiyo ninapobishana na walimu wenzangu wasemao kwamba mafumbo hupoteza saa za masomo, hukubali upande mmoja wa maneno yao. Fumbo peke yake halitoshi. Kama darasa lacheka habari ya konokono kisha kengele yalia, tumestarehe tu. Fumbo ni mlango, na mlango haujengwi ili watu wasimame penyewe. Baada ya kupata jibu lazima kuuliza: je, liko jibu jingine? Je, twaweza kuonyesha kwamba yamekwisha yote? Nikibadili idadi itakuwaje? Hapo ndipo hesabu yenyewe inapoanza, na hapo ndipo zoezi la daftari linapopata maana. Lakini wenzangu nao wakubali upande wangu: mtoto aliyesimama nje ya mlango kwa hofu hafundishwi chochote na kanuni zilizo ndani.

Ninyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Tegeaneni mafumbo bwenini na njiani. Nanyi wenzangu mlio na watoto nyumbani, jioni moja badala ya kuuliza mtoto amepata alama ngapi, mtegeeni fumbo la mtoni, kisha mnyamaze mngoje.

Nawaachia moja kutoka katika kitabu hicho. Baba mmoja alipokufa aliwaachia wanawe watatu chupa 30: chupa 10 zimejaa mafuta, 10 zina nusu, na 10 ni tupu. Wagawane ili kila mmoja apate chupa sawa na mafuta sawa, bila kumimina. Kitabu chatoa jibu moja: mtoto mmoja achukue zile 10 za nusu, na kila mmoja wa wale wawili achukue 5 zilizojaa na 5 tupu. Kama hatujali ni mtoto gani anapata fungu gani, njia zote ni 5. Zitafuteni hizo nyingine 4, na mtakapozipata, mjieleze kwa nini hakuna ya sita.